Je, Wajua? Jinsi Kiingereza Kinavyomsema Mwenye Moyo Laini

Mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne wa Dodoma mjini, Mpwapwa au Kondoa anayesoma fasihi kwa Kiingereza hachukui muda mrefu kabla ya kukutana na swali hili: mshairi anasema kwa hisia gani? Jibu la haraka huwa "sad". Akitaka jibu lenye uzito zaidi hufungua kamusi, huokota neno refu, na mara nyingi neno hilo humtukana mshairi bila mwanafunzi kujua.

Kiingereza kina lundo la sifa za kumweleza mtu aliyezama katika ndoto, kumbukumbu au machozi. Zina historia ndefu, na nyingi zimebeba simango. Safu ya leo ni yao.

Je, wajua kwamba "nostalgic" ni neno lililozaliwa katika utabibu? Mwaka 1688 kijana wa miaka 19, Johannes Hofer, aliandika tasnifu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, kuhusu ugonjwa uliowapata vijana waliokuwa mbali na kwao. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurejea nyumbani na jingine la maumivu, akapata "nostalgia". Dalili zake zilikuwa huzuni isiyokatika, kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula, moyo kwenda mbio na homa. Dawa aliyoiamini kuliko zote ilikuwa kumrudisha mgonjwa kwao.

Waliosifika kwa kuugua maradhi hayo ni askari wa Kiswisi waliokodishwa na wafalme wa Ulaya. Kilichowachokonoa kilikuwa wimbo wa wachungaji, ule wa kuita ng'ombe waje kukamuliwa. Jean-Jacques Rousseau, katika kamusi yake ya muziki ya mwaka 1768, aliandika kwamba wimbo huo ulipigwa marufuku mbele ya askari hao, adhabu ikiwa kifo, kwa sababu waliousikia walilia, walitoroka jeshi au walikufa. Kisha akaongeza jambo ambalo mfugaji wa Bahi au Chamwino hahitaji kuelezwa mara mbili: nguvu yote ilitoka katika kumbukumbu, kwani mgeni aliyesikia wimbo huo huo hakupatwa na lolote. Ili uumie lazima uwe umelala kando ya zizi lile, umekunywa maziwa yale, na umemsikia mama au baba akiita ng'ombe kwa sauti ile.

Daktari mwingine Mswisi, Johann Jakob Scheuchzer wa Zürich, alidhani kosa ni la hewa. Watu waliozoea hewa nyepesi ya milimani, alisema, walibanwa na hewa nzito ya nchi tambarare. Dodoma iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa nadharia hiyo, mtumishi wa serikali aliyepanda kutoka Dar es Salaam kuja uwanda wa kati, baada ya tangazo la Rais John Magufuli la Julai 2016, asingehisi uzito wowote moyoni. Lakini wapo walioacha familia, bahari na samaki wabichi, na hewa nyepesi ya huku haikuwaondolea hamu ya kwao.

Je, wajua kwamba "homesick" lilikuja baadaye? Linatokana na "homesickness", ambalo Waingereza waliliunda katika karne ya 18 wakifuata neno la Kijerumani "Heimweh", walilolitumia Waswisi haohao. Na hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, madaktari wa jeshi la Kaskazini waliendelea kuiandika "nostalgia" katika takwimu zao za wagonjwa na vifo, pamoja na malaria na kuhara.

Je, wajua kwamba redio zetu zina neno lao kwa jambo hilohilo? Ni zilipendwa. Kitenzi kizima cha wakati uliopita kimegeuzwa jina la aina ya muziki, na hakina ugonjwa wala simango. Kinasema tu kwamba nyimbo hizo zilipata watu wa kuzipenda.

Je, wajua kwamba "maudlin", yaani mwenye kulialia kupita kiasi, ni Maria Magdalena? Waingereza wa zamani walilitamka jina hilo "modlin", na hadi leo vyuo viwili vikongwe, Magdalen cha Oxford na Magdalene cha Cambridge, vinatamkwa hivyo. Wachoraji wa Ulaya walizoea kumwonyesha mtakatifu huyo akilia, na polepole kila mwenye machozi ya karibu akaitwa kwa jina lake. Mwaka 1592 mwandishi Thomas Nashe aliorodhesha aina nane za walevi. Mmojawapo ni mlevi wa Magdalena, anayelia kwa upendo katikati ya pombe yake. Mlevi huyo tunaye hata sisi, kwenye kilabu cha wanzuki na kwenye baa ya mvinyo wa Dodoma pia: anakukumbatia, anakuita ndugu wa damu, kisha machozi yanamtoka.

Hapa naona dhuluma, na naisema wazi. Katika Injili ya Yohana sura ya 20, Maria Magdalena analia nje ya kaburi kwa sababu amefiwa na mwili wa marehemu hauonekani. Huyo ni mfiwa, na kilio chake kina sababu. Mwaka 591 Papa Gregori wa Kwanza, katika mahubiri yake, alimchanganya na yule mwanamke mwenye dhambi wa Injili ya Luka, na Ulaya ikamwona kuwa mkosaji anayejililia. Ilichukua hadi mwaka 2016 kwa Papa Fransisko kuipandisha hadhi kumbukumbu yake ya tarehe 22 Julai ikawa sikukuu, na Kanisa likamtaja kama mtume wa mitume. Kamusi ya Kiingereza bado haijamwomba radhi. Wapo akina Magdalena wengi katika parokia za Dodoma, nao wanastahili kujua jambo hili kabla hawajaandika "maudlin" kwenye karatasi ya mtihani.

Je, wajua kwamba Waingereza wakimchoka mtu mwenye hisia nyingi huenda moja kwa moja jikoni? Sikiliza haraka haraka.

"Mushy" linatokana na uji mzito. Wamarekani waliita hivyo uji wa mahindi.

"Soppy" linatokana na mkate uliolowa mchuzi hadi ukalegea.

"Schmaltzy" ni mafuta ya kuku yaliyoyeyushwa, neno la Kiyidi lililoingia katika lugha ya wanamuziki wa Marekani kwenye miaka ya 1930.

"Corny" ni la muongo huohuo na la wanamuziki walewale. Waliwadharau watu wa mashambani waliokula mahindi, na muziki wa watu hao wakauita wa mahindi.

"Treacly" ni la shira nzito ya sukari, lakini asili yake ni Ugiriki, ambako lilikuwa jina la dawa ya kuumwa na nyoka na wanyama wakali.

"Sappy" ni utomvu wa mti mbichi.

"Cloying" halikuanzia jikoni. Lilianza kwa farasi aliyepigiwa kiatu vibaya, msumari ukaingia kwenye nyama ya ukwato, akashindwa kutembea. Kutoka kuzuiwa kutembea likawa kukinaishwa na utamu.

"Twee" ni neno "sweet" kinywani mwa mtoto mdogo asiyeweza kulitamka.

Na "mawkish"? Hili ndilo chafu kuliko yote. Limetokana na jina la kale la funza, yule wa kwenye nyama iliyooza. Kwanza lilimaanisha kichefuchefu, kisha likaja kumaanisha hisia zinazotia kichefuchefu. Ukisema shairi la mtu aliyefiwa na mwanawe ni "mawkish", umemwambia kwamba msiba wake unakutapisha. Nimeliona neno hili kwenye orodha ambazo wanafunzi hukaririshwa, likiwekwa sambamba na "tender" kana kwamba ni pacha wake.

Je, wajua kwamba "saccharine" na sukari ni ndugu? Kisanskriti kilikuwa na "sharkara", neno lililomaanisha pia changarawe, kwa jinsi chembe za sukari zilivyoonekana. Likaenda njia mbili: kupitia Kiajemi na Kiarabu likafika pwani yetu kuwa sukari, na kupitia Kigiriki na Kilatini likafika Uingereza. Mwaka 1879 Constantin Fahlberg, akifanya kazi katika maabara ya Ira Remsen huko Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, aligundua kitu kitamu kuliko sukari ambacho si sukari, na kikaitwa sakarini. Kwa masikio ya leo, wimbo ulioitwa "saccharine" umeshutumiwa mara mbili, kwamba umezidi utamu na kwamba utamu wenyewe si wa kweli.

Je, wajua kwamba "melancholy" ni nyongo? Waganga wa Kigiriki waliamini mwili una majimaji manne, na mojawapo, nyongo nyeusi, likizidi mtu huingiwa na huzuni. Tabibu Ibn Sina alilijadili jambo hilo kwa Kiarabu, na mwaka 1621 Mwingereza Robert Burton alilitungia kitabu kizima kinene. Asichanganywe na Richard Burton, mpelelezi aliyepita Ugogo mwaka 1857 pamoja na John Speke wakielekea Tabora.

Kiswahili nacho kinaijua nyongo, ila kimeipa kazi nyingine. Mambo yakiharibika tunasema yametumbukia nyongo. Aliyesema yote yaliyomkera ametoa nyongo. Kwetu nyongo ni ya uchungu na hasira. Huzuni tumeiweka moyoni, nayo ina uzito: moyo mzito, moyo umeinama.

Tuna pia picha moja ambayo Mzungu na Mwafrika wameifikia kila mmoja kwa njia yake. Mwaka 1514 Mjerumani Albrecht Dürer alichonga mchoro wake maarufu wa huzuni hiyo ya nyongo. Aliyemchora ni mwanamke mwenye mabawa, amekaa kati ya vifaa vya kazi asivyovitumia, shavu amelilaza juu ya ngumi. Kiswahili kina jina kamili la mkao huo: ameshika tama. Bibi yeyote akimkuta mjukuu amekaa hivyo atamwambia aondoe mkono shavuni, kwani anaita msiba. Neno "melancholy" lingetafsiriwa kwa mkao huo tu, ningeridhika.

Je, wajua kwamba Mwalimu Nyerere alilazimika kushughulika na hisia hizi? Tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969, inaanza na mfanyabiashara Antonio akilalamika kwamba ana huzuni na hajui imetoka wapi. Rafiki zake wanakisia: labda ni meli zake zilizo baharini, labda ni mapenzi. Anakataa yote mawili. Huzuni isiyo na sababu ni jambo gumu kulisema katika jamii ambayo mtu akihuzunika huulizwa mara moja nani amefariki. Mtafsiri huyo ndiye ambaye, chini ya uongozi wake, TANU iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, na anayepita Chamwino leo anapita karibu na Ikulu iliyoanza enzi zake. Wanafunzi wa huku wana sababu ya kumsoma kama mtafsiri, na maktaba za shule zetu ziwe na nakala.

Je, wajua kwamba "pensive" ni mizani? Kilatini kilikuwa na kitenzi cha kupima uzito, Kifaransa kikakigeuza kuwa kufikiri, na Kiingereza kikapata mtu anayepima mambo kimyakimya. Ni mojawapo ya sifa chache katika kundi hili zisizo na dharau yoyote. Nyingine ni "wistful": zamani ilimaanisha kutazama kwa makini, leo ni mtu anayetazama mbali akitamani kitu anachojua huenda asikipate. Nayapenda maneno haya mawili.

Je, wajua kwamba katika Kiingereza cha kale "dream" ilikuwa furaha na muziki? Ndiyo. Katika maandishi ya kabla ya mwaka 1100, neno lenye umbo hilo linataja shangwe, nyimbo, sauti za vinanda ukumbini. Maana ya ndoto ya usingizini inaonekana katika karne ya 13, na wataalamu hawajamaliza kubishana kama ni neno lilelile au ni mawili yaliyokutana. Basi anayesema "dreamy" leo anagusa neno ambalo kale lilikuwa na ngoma ndani yake.

Mtu wa Dodoma anajua kwamba vitu hivyo viwili havijaachana. Msikilize Hukwe Zawose, mwana wa kijiji cha Doduma, akipiga ilimba na zeze huku akiimba kwa sauti inayopanda kutoka kifuani hadi juu kabisa. Alihamia Bagamoyo, akawa nguzo ya chuo cha sanaa cha huko, na mwaka 1996 kampuni ya Real World ya Peter Gabriel huko Uingereza ilitoa albamu yake Chibite. Mwaka 2002 ikafuata Assembly, aliyoifanya na Michael Brook. Alifariki tarehe 30 Desemba 2003. Muziki wa ilimba unajirudia, unazunguka na kuhama polepole, na msikilizaji hujikuta amepotelea mbali huku miguu inacheza. Hiyo ndiyo maana ya "dreamy" kwa nilivyoelewa mimi, na sijui wimbo wa Kiingereza unaoistahili sifa hiyo kuliko huu.

Je, wajua kwamba kuota kwa Kiswahili kuna angalau maana tatu? Unaota usingizini, mbegu ya mtama inaota shambani mvua ya Desemba ikinyesha, na mzee anaota jua asubuhi ya Julai wakati baridi ya Dodoma inapouma.

Je, wajua Alinacha ni nani? Tunaposema mtu ana ndoto za Alinacha tunamtaja mhusika wa hadithi za Alfu Lela U Lela, ndugu wa kinyozi. Alikuwa na kapu la vyombo vya kioo. Alikaa akawaza: ataviuza, atapata faida, atanunua zaidi, atakuwa tajiri, atamwoa binti wa waziri, kisha atamringia kwa teke. Alipiga teke kweli, kapu likaanguka na vyombo vyote vikavunjika. Waingereza walimjua tangu mwaka 1712, Joseph Addison alipoisimulia hadithi hiyo katika gazeti la Spectator, na kwa muda nao walikuwa na Alnaschar wao. Siku hizi wamemsahau. Wanasema "starry-eyed", mwenye nyota machoni, au "quixotic", kwa jina la Don Quixote wa Cervantes aliyetoka katika vitabu vya mwaka 1605 na 1615. Sisi Alinacha bado tunaye, hata kwa watoto ambao hawajawahi kusoma kisa chake.

Sasa neno kubwa kuliko yote.

Je, wajua kwamba "sentimental" lilizaliwa likiwa sifa njema? Katika miaka ya 1740 lilikuwa neno jipya la watu waungwana. Mwaka 1749 msomaji mmoja, Lady Bradshaigh, alimwandikia mwandishi Samuel Richardson kumuuliza maana yake, maana kila mtu mjini alikuwa akilitumia. Lilimtaja mtu mwenye hisia zilizofundwa, anayeweza kuguswa na mateso ya mwingine. Mwaka 1768 kasisi Laurence Sterne alilitia katika jina la kitabu chake A Sentimental Journey, akafariki wiki chache baada ya kitabu kutoka.

Miaka miwili kabla ya hapo, Sterne alipokea barua. Aliyeiandika ni Ignatius Sancho, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa, wakati huo akiwa mtumishi katika nyumba ya watu wakubwa Uingereza. Sancho alimwomba mwandishi huyo atumie kalamu yake kuwatetea Waafrika waliokuwa utumwani. Sterne akamjibu kwa heshima, na barua hizo mbili zilipochapishwa zilisomwa kote. Sancho baadaye alifungua duka Westminster, na mwaka 1774 alipiga kura katika uchaguzi wa Bunge. Kwa muda mrefu alitajwa kuwa mtu wa kwanza mwenye asili ya Afrika anayejulikana kufanya hivyo nchini humo. Barua zake zilitolewa katika kitabu mwaka 1782, miaka miwili baada ya kifo chake, na Waingereza waliozisoma hawakuweza tena kudai kirahisi kwamba Mwafrika hana hisia.

Hilo ndilo nataka msomaji wa Dodoma alishike. Kulia kwa ajili ya mtumwa, kuandika mashairi ya kuliza watu kuhusu mtumwa, kulisaidia kuijenga harakati iliyofanya Bunge la Uingereza lipige marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807. Waliofaidika na biashara hiyo walisema waziwazi kwamba machozi si hoja, kwamba siasa ya nchi na hesabu za sukari haziendeshwi na watu wenye moyo laini. Katika karne ya 19 neno "sentimental" likashuka, likabaki na maana ya mtu asiyefikiri.

Wakati neno hilo likishushwa hadhi huko London, misafara ya pembe na watumwa ilikuwa ikipita hapa. Njia kuu ya kutoka Ujiji na Tabora kwenda Bagamoyo ilikatiza Ugogo. Watemi wa Kigogo walitoza hongo kwa maji na kwa kupita, na Mpwapwa palikuwa mahali pa kupumzikia baada ya nyika kavu. Mpwapwa na Kilimatinde vimo katika orodha ya awali ambayo Tanzania iliwasilisha UNESCO mwaka 2006 kwa ajili ya njia hiyo ya watumwa na pembe. Mtu akisimama Mpwapwa akahuzunika kwa yaliyopita pale, na mwenzake akamwambia kwa Kiingereza asiwe "sentimental", basi mwenzake anatumia neno katika maana ambayo waliolianzisha wasingeikubali.

Je, wajua kwamba Sterne huyohuyo ndiye wa kwanza anayejulikana kuandika "lackadaisical"? Linatokana na mlio wa kuhuzunika wa Kiingereza cha zamani, "alack the day", kitu kama ole wangu. Mwenye kusema ole wangu kila saa akageuka kuwa mtu mlegevu, asiyejali kazi, na ndiyo maana iliyobaki leo.

Je, wajua kwamba "namby-pamby" ni dhihaka ya jina la mtu? Mshairi Ambrose Philips alitunga mashairi matamu kwa watoto wa wakubwa, na mwaka 1725 Henry Carey akamtungia shairi la kumcheka, akilichezea jina Ambrose kwa sauti za kitoto. Philips alikuwa mtu wa siasa na mwandishi wa michezo ya kuigiza. Yote hayo yamesahauliwa.

Je, wajua kwamba "pathetic" lilikuwa neno la heshima? Lilimaanisha chenye kugusa moyo. Sonata ya Beethoven iliyochapishwa mwaka 1799 na simfonia ya sita ya Tchaikovsky ya mwaka 1893 zina sifa hiyo kwenye majina yake, kwa Kifaransa. Leo Mwingereza akikuambia "pathetic", anakudharau. Mwanafunzi anayeandika kwamba hali ya shairi ni "pathetic", akiwa amelitoa neno hilo katika kamusi ya zamani, amefanya jambo sahihi kwa mwaka 1799.

Je, wajua kwamba lipo moja lililopanda badala ya kushuka? "Fond" zamani lilikuwa mjinga, punguani. Likapitia mtu aliyepumbazwa na mapenzi, likafika leo kwa mtu mwenye kupenda kwa upole. Nimelitafutia ndugu wa kupanda pamoja nalo katika kundi hili, na wengi niliowaona wameshuka.

Je, wajua kwamba sarufi yenyewe ina mchango wake hapa? Kiingereza hupenda sifa inayokaa juu ya mtu, kana kwamba ndiyo asili yake. Kiswahili kina sifa chache za namna hiyo, na katika mambo ya moyo hutegemea zaidi majina: ana huzuni, ana hamu, majonzi yamemjaa, simanzi imemtanda, jitimai imemwingia. Kitu kilichoingia kinaweza kutoka, na aliyejaa majonzi jana anaweza kuamka leo ameyapunguza. Sisemi kwamba Kiswahili hakina maneno ya kumsuta mtu wa machozi. Tuna kudeka, kujiliza, mlegevu na mengineyo. Lakini tukisuta tunasuta kitendo, anajiliza, na mtu anaweza kuacha kujiliza.

Basi, wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, na walimu wao, chukueni haya mwende nayo darasani. Shairi la aliyefiwa ni "mournful". La aliyeikumbuka nyumba ya utoto wake ni "nostalgic". Mshairi anayewaza kimya ni "pensive", na anayetamani kisichofikika ni "wistful". Mapenzi ya upole yaitwe "tender" au "fond". "Maudlin", "mawkish", "soppy", "schmaltzy" na "saccharine" yawekeni kando hadi siku mtakapotaka kumlaumu mwandishi. Na siku hiyo mkiyatumia, onyesheni mstari uliowafanya mmlaumu.